Maelezo ya zana ya hesabu kwa wakala wa AI: uandike mstari mmoja, manyuali nzima au mkataba?

Mkopo wa shilingi 1,000,000, riba asilimia 18 kwa mwaka, miezi 12, riba inapungua kadiri unavyolipa. Rejesho la mwezi hapo ni 91,680. Wakala wangu wa AI (programu inayoongea na wateja na kuita zana, yani programu ndogo za kumpigia hesabu) akamjibu mtu 208,628, kwa adabu zote, na kajedwali kazuri chini yake. Nikaanza kusaka kosa kwenye kodi (hii ya kompyuta, sio ya TRA), nikapima fomyula mara tatu, iko sawa. Kumbe kosa lilikuwa kwenye sentensi moja ya kuielezea zana, niliyoiandika mwenyewe usiku nikiwa na usingizi: "Hukokotoa rejesho la mkopo." Paramita, yani nafasi ya kujaza namba, nikaiita `riba`, basi, nikalala. Zana ilikuwa inataka riba ya mwezi, yani 0.015, wakala akatuma 0.18, na 0.18 kwa mwezi ni namba halali kabisa, hakuna kitu kilicholalamika, hesabu ikapigwa ikatoka.

Wakala hasomi kodi yako. Anacholetewa ni vitu vitatu tu: jina la zana, maelezo, na skima ya paramita (orodha rasmi ya vitu zana inavyopokea na aina zake). Iwe ni ile kuita fankisheni ambayo OpenAI waliileta Juni 2023, iwe ni MCP (itifaki ya kuunganisha modeli na zana) ya Anthropic ya Novemba 2024, habari ni ileile. Kisichokuwepo kwenye vitu hivyo vitatu anakibahatisha, na shida ni kwamba anabahatisha vizuri, mara nyingi anapatia, mpaka siku unakuta mtu kaambiwa alipe laki mbili badala ya elfu tisini.

Sasa nimeshaandika maelezo kwa mitindo yote, na nimeona ya wenzangu, naona watu wanagawanyika makundi matatu, na kila kundi linaona wengine wamepotea. Ngoja niyaweke kando kwa kando, afu uchague kulingana na zana uliyonayo, maana jibu halifanani kwa zana zote.

Mstari mmoja

"Hurudisha kweli kama n ni namba tasa." Hii inatosha na sioni sababu ya kuongeza neno. Namba tasa ni tasa Mtwara na ni tasa Kisumu, haina kizio, haina kanuni ya ofisi fulani, modeli (AI yenyewe iliyo ndani ya wakala) inaijua kuliko sisi. Vivyo hivyo kigawo kikubwa cha shirika, vivyo hivyo kutafuta baki ya mgawanyo... hapana, hilo la mwisho nalifuta, maana -7 ukigawa kwa 3 lugha ya programu ya Python inasema baki ni 2 na lugha ya C inasema ni -1, kwa hiyo hata baki ya mgawanyo inataka sentensi ya pili. Unaona inavyoponyoka?

Na hata hiyo namba tasa ina kamtego kake. Programu nyingi zinazosoma JSON (muundo wa maandishi wa kutumiana data kati ya wakala na zana) hushika namba kama desimali ya biti 64, na ukivuka 9,007,199,254,740,992 tarakimu za mwisho zinaanza kupotea. Ukiuliza kuhusu 9007199254740993 zana inaweza kupokea namba inayoishia na 992, ikajibu kwa uaminifu kabisa kuhusu namba ambayo hakuna aliyeiuliza. Dawa ni maneno manne kwenye maelezo, "tuma n kama maandishi", na skima iseme hivyohivyo. Basi, ukishaweka hilo usiongeze.

Mstari mmoja uchague pale ambapo mtu yeyote duniani akisikia jina la zana anapata picha ileile. Kwangu hizo ni chache, kama robo ya zana zote, na nikiri nilipoanza nilidhani ni zote.

Manyuali nzima

Hii ni ya wale wanaochukua maelezo ya fankisheni kutoka NumPy au SciPy (maktaba za hesabu za Python) wanayabandika yalivyo. Naelewa kishawishi chake, nyaraka zile zimeandikwa na watu wanaojua wanachofanya, kila kitu kimo. Tatizo la kwanza ni gharama: maelezo ya zana zote kwa kawaida yanabebwa kwenye kila ombi, wakala akiitwa mara 40 kwenye kazi moja basi manyuali yako imesomwa mara 40, na tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli inasoma) zinalipiwa. Lakini hilo mi sio linaloniuma sana. Linaloniuma ni kwamba manyuali imeandikwa kwa ajili ya binadamu aliyekaa na kompyuta, anajaribu, anaona grafu, anashtuka. Onyo muhimu kuliko yote linaweza kuwa aya ya kumi na mbili.

Chukua `quad` ya SciPy, ile ya kutafuta eneo chini ya mstari. Mpe ule mlima wa Gauss (mchoro wa umbo la kengele) ambao eneo lake lote ni 1. Ukimwambia aanzie hasi isiyo na mwisho mpaka chanya isiyo na mwisho anarudisha 1, safi. Ukimwambia aanzie -10000 mpaka 10000, ambako mlima mzima umo ndani na nafasi inabaki tele, anarudisha namba yenye sifuri zaidi ya mia mbili baada ya nukta, yani hamna kitu, afu na makadirio ya kosa anakuwekea 0. Ni kama mtu katumwa kutafuta mbuyu mmoja kwenye pori la kilomita elfu, akachungulia sehemu chache, hakuuona, akarudi kusema pori hili ni tupu na nina uhakika. Nyaraka za SciPy zenyewe zinakuonyesha mfano huu, hawajaficha, ila uko chini huko baada ya paramita kibao. Mimi binadamu nitashtuka eneo likiwa sifuri. Wakala yeye ana jibu na ana uthibitisho kwamba kosa ni 0, kwa nini ashtuke?

Kwa hiyo manyuali siichagui, ila naichota. Nasoma yote afu nabeba mstari mmoja: "Kama umbo lina kilele chembamba, usitoe mipaka mipana; tumia mipaka isiyo na mwisho au ikaze kuzunguka kilele." Huo unakaa juu, mstari wa pili, kabla hata ya kueleza paramita.

Mkataba

Huu ndo mtindo ninaoutumia siku hizi kwa zana yoyote inayogusa hela, vipimo au takwimu. Nauita mkataba kwa sababu unasema nani anawajibika na nini: zana inafanya hiki, hiki haifanyi, wewe lete hivi, mi nakurudishia hivi. Ile zana ya mkopo sasa inasomeka hivi:

> Hukokotoa rejesho la kila mwezi la mkopo mmoja wenye marejesho sawa. Itumie mteja akitaka kujua atalipa kiasi gani kwa mwezi au jumla ya riba. Usiitumie kwa mkopo ambao riba inabadilika katikati au una miezi ya mwanzo isiyolipwa. Kwa huo tumia `ratiba_mkopo`. Riba ni asilimia ya mwaka: asilimia 18 tuma 18, sio 0.18 wala 1.5. Mteja akitaja riba ya mwezi, zidisha kwa 12. Asiposema ni ya mwezi au ya mwaka, muulize. Kiasi ni shilingi kamili bila koma: "laki tatu na nusu" ni 350000. Hurudisha rejesho, jumla ya riba, na masharti iliyotumia.

Cheki kitu ambacho hakipo hapo: fomyula. Toleo langu la kwanza la mkataba lilikuwa na aya nzima inayoeleza jinsi riba inavyokokotolewa kwenye salio, kana kwamba namfundisha kidato cha nne. Modeli inaijua fomyula hiyo, imeisoma mara elfu. Isichoijua ni kwamba *wewe* umeamua asilimia iwe 18 na sio 0.18. Hesabu ni ya dunia nzima, mazoea ni ya kwako, na maelezo ni mahali pa kuandika mazoea. Nyaraka za Anthropic wenyewe zinashauri angalau sentensi tatu nne kwa kila zana na zaidi ikiwa ngumu, mi naona hesabu ya sentensi sio hoja sana, naweza nikaandika sentensi kumi zote zikirudia jina la zana kwa maneno mengine.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni ile "usiitumie". Ukiwa na zana mbili zinazofanana, kila moja inabidi imtaje jirani yake kwa jina, la sivyo wakala anachukua ya kwanza aliyoiona. Na kwenye mikopo ya kwetu kuna aina mbili zinazochanganywa hata na binadamu: riba ya flati (inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho) na riba inayopungua (inapigwa kwenye salio lililobaki). Mkopo uleule wa milioni moja, asilimia 18, miezi 12: inayopungua unalipa 91,680 kwa mwezi, flati unalipa 98,333. Tofauti kwa mwaka ni karibu elfu 80. Mtu anayelinganisha mikopo kabla ya kusaini anahitaji namba sahihi hapo kuliko kitu kingine chochote, na neno "asilimia 18" peke yake halimwambii wakala ni ipi.

Mitego miwili ambayo jina halikuokoi

Nikuonyeshe kwa karibu kwa nini "modeli inajua hesabu" sio kinga. `log` ya 100 ni ngapi? Kwa aliyesoma sekondari na yale majedwali ya logi, ni 2. Excel ukiandika LOG(100) nayo inasema 2. NumPy na R (lugha ya takwimu) wote wanasema 4.605 na kuendelea, kwa sababu kwao `log` bila msingi ni ya asilia. Wakala anazijua zote mbili! Tatizo ni kwamba hajui zana *yako* iko upande gani, na mteja akisema tu "nipigie logi" anachagua kwa kunusa. Kwa hiyo zana isiitwe `log`. Iite `log_asilia` na `log_kumi`, na nusu ya maelezo huna haja nayo tena.

Mwingine: mchepuko wastani (standard deviation). Chukua namba hizi nane, 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7, 9. Wastani ni 5. NumPy ukimwomba `std` anakupa 2.0. pandas, maktaba nyingine ya Python, ukimwomba `std` anakupa 2.138. Wote wako sahihi, mmoja anagawa kwa 8 na mwenzie kwa 7, yani mmoja anachukulia hizo ndo data zote zilizopo na mwingine anachukulia ni sampuli tu. Ukiandika "hurudisha mchepuko wastani" umeandika sentensi sahihi isiyomsaidia mtu. Andika "hugawa kwa n-1, yani inachukulia data ni sampuli; kama data ni ya watu wote tumia nyingine", umemaliza.

Kwenye maneno au kwenye skima?

Watu wa skima wanasema maneno ni porojo, weka sheria kwenye skima na kompyuta yenyewe itakataa. Nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa. Aina ya riba niliiweka kama orodha ya kuchagua, "flati" au "inayopungua", bila chaguo-msingi, kwa hiyo wakala hawezi kuita zana bila kuamua. Miezi ni namba nzima kuanzia 1. Na jina la paramita likawa `riba_mwaka_asilimia` badala ya `riba`, ni refu na linachosha macho, ila kati ya mabadiliko yote niliyofanya hilo ndo lililofanya kazi kubwa kuliko yote, maana jina analisoma palepale anapojaza namba.

Lakini skima ina kikomo chake na hapa ndo siwafuati mpaka mwisho. Mteja kasema "moja na nusu" akimaanisha kwa mwezi. Wakala katuma 1.5. Skima inaruhusu? Inaruhusu, asilimia 1.5 kwa mwaka ni riba ndogo ajabu ila sio kosa la hesabu. Nikiweka kiwango cha chini 5 nitamkataa mtu ambaye kikundi chao kinakopeshana kwa asilimia 3 kwa mwaka kweli. Hapo ni maneno tu yanaweza kusaidia, pamoja na kitu cha tatu ambacho wengi hawakifikirii: jibu la zana. Zana yangu hairudishi 91680 tupu. Inarudisha "Rejesho 91,680 kwa mwezi, nimetumia riba 18% kwa mwaka, inayopungua, miezi 12, mkopo 1,000,000". Kama alikosea anajiona kwenye kioo, na mara nyingi anajirekebisha kabla mteja hajaona chochote.

Ujumbe wa kosa nao ni maelezo, tena yanasomwa kwa makini zaidi kwa sababu yanakuja wakati amekwama. "Ingizo batili" halimsaidii, atatuma kitu kilekile tena kwa mpangilio mwingine, mara tano, tokeni zako zinateketea. "Umetuma x^2=4. Ondoa alama ya =, peleka vyote upande mmoja, andika x**2-4" anarekebisha kwa mara moja.

Zana ndogo nyingi, au Python moja ya kufanya yote?

Huu ni ubishi mwingine kabisa ila unaathiri maelezo, kwa hiyo siwezi kuuruka. Upande mmoja una `tatua_mlinganyo`, `tafuta_eneo`, `rahisisha` na ndugu zao ishirini. Upande wa pili una zana moja tu, `endesha_python`, SymPy (maktaba ya aljebra ya Python) na NumPy zimo ndani, wakala aandike mwenyewe.

Ile moja maelezo yake ni rahisi kuandika: ni matoleo gani ya maktaba yapo, muda wa juu ni sekunde ngapi, intaneti ipo au haipo, na "chapisha jibu kwa print la sivyo hutaona kitu" (hiyo ya print usiiache, nakuomba). Kwa kazi za kuchunguzachunguza, mwanafunzi anataka kujaribu hili na lile, inashinda ishirini ndogo bila ubishi. Ila mazoea yote yanahamia kichwani kwa modeli, na modeli inaandika SymPy vizuri huku ikisahau vitu vidogo. `1/3` ndani ya Python ya kawaida inakuwa 0.3333 kabla SymPy haijaiona, wakati ulitaka theluthi kamili. `x^2` ndani ya Python sio kipeo kabisa, ni operesheni ya biti. Herufi E, I, N na S zina kazi zao ndani ya SymPy, kwa hiyo mwanafunzi akiita kigeu chake I, kama mkondo wa umeme kwenye fizikia, maandishi yakisomwa na SymPy inageuka kipeuo cha pili cha -1. Nimeiona hiyo kwenye swali la sheria ya Ohm, jibu likatoka na namba za kufikirika, na wakala akaanza kumweleza mtoto wa watu kuhusu umeme wa mkondo geu!

Zana ndogo zinakupa nafasi ya kuziba hayo kimoja kimoja. `tatua_mlinganyo` yangu inasema: "Mlinganyo andika kama maandishi, upande wa kulia uwe sifuri: kwa x²=4 tuma x**2-4. Vigeu visiitwe E, I, N, S. Tumia i_mkondo, n_idadi. Hurudisha majibu yote, hata hasi na ya kufikirika. Kama swali linahusu urefu, umri au hela, wewe ndo uyachuje." Hiyo sentensi ya mwisho niliiongeza baada ya kuona shamba lenye upana wa mita -12.

Na kabla hujaamua kupokea maandishi ya hesabu kutoka kwa watu usiowajua: `sympify` ya SymPy, inayogeuza maandishi kuwa hesabu, ndani yake hutumia `eval`, ambayo huendesha maandishi kama kodi, nyaraka zao zinaonya waziwazi. Iweke kwenye kontena lililofungwa (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta), hilo halitatuliwi na maelezo yoyote hata uyaandike kwa wino wa dhahabu.

Kama ni lazima nichague kwa niaba yako: hela na vipimo vya dawa au ujenzi, zana ndogo yenye mkataba. Mwanafunzi na utafiti, Python moja. Ukiweka zote mbili pamoja, na wengi tutafanya hivyo, basi kwenye maelezo ya Python andika "usiitumie kwa marejesho ya mkopo, iko `rejesho_mkopo`", la sivyo atajiandikia fomyula mwenyewe na jitihada zako zote za juu hazitaonekana hata na mtu mmoja.

Kiswahili au Kiingereza?

Kifupi tu: modeli kubwa zinaelewa maelezo ya lugha zote mbili, na Kiswahili mara nyingi kinakula tokeni zaidi kwa maana ileile. Mi majina na maelezo ya zana za wateja wanaoongea Kiswahili nayaandika kwa Kiswahili, hasa kwa sababu ya laki, robo tatu na "moja na nusu", maneno ambayo ukiyatafsiri kwenda na kurudi kuna kitu kinadondoka njiani. Zana za ndani kabisa ambazo mteja hazimgusi naziacha Kiingereza, sina ushabiki.

Kuzipima

Usichague kwa kusoma maelezo na kuona yamependeza. Andika maswali kumi kama watu wanavyouliza kweli, weka mtego kwenye kila moja, afu endesha kwa maelezo ya zamani na ya mapya, ukiangalia kilichotumwa kwenye zana kabla ya kuangalia jibu, kwa sababu jibu linaweza kuwa sahihi kwa bahati. Langu la kwanza siku zote ni hili: "Nakopa milioni moja, riba moja na nusu, mwaka mmoja, nitalipa ngapi?" Kwa maelezo ya mstari mmoja alituma 1.5 moja kwa moja, na kwa sababu zana ilikuwa inaisoma kama asilimia 150 kwa mwezi, rejesho likatoka 1,500,025. Kila mwezi. Kwa mkataba hakuita zana kabisa, alirudi kwa mteja na kumuuliza, "Hiyo moja na nusu ni asilimia kwa mwezi au kwa mwaka? Na ni riba ya flati au inayopungua?"